Harufu ya Mama Fulani

Mwanangu alirudi kutoka Geita ananukia mwanamke.

Siyo sabuni, siyo mafuta ya mtoto. Nilimpokea pale stendi ya Kahama, nikamkumbatia, nikaweka pua kwenye nywele zake kama mama yeyote anavyofanya, na badala ya kumkuta mwanangu nikamkuta mtu mwingine. Harufu tamu ya matunda na maua, ya mwanamke aliyejipuliza shingoni halafu akambeba mtoto, akamlaza begani mpaka harufu ikahama. Pafyumu haiingii kwenye nywele za mtoto kwa kupita tu njiani. Mtu alimbeba. Alimbeba sana.

Baba yake alikuwa amesimama pembeni na begi la nguo, anatazama simu.

"Mtoto alikuwa analala na nani?" nikamuuliza.

"Alikuwa analala nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Ushaanza," akasema. Akanikabidhi begi, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikishikwa na hasira huwa naruka maneno. Mimi naishi Kahama, upande wa kuelekea Buzwagi, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Hapo mashineni ndipo nilipokuwa nafanya kazi, kupepeta mchele na kuchambua mawe. Nimemaliza kidato cha nne. Cheti kiko sandukuni, mimi niko kwenye pumba. Baba wa mtoto anachimba dhahabu upande wa Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, na siku hizi anasimamia duara, yaani shimo lenyewe, kwa hiyo anavaa saa kubwa na anaongea taratibu. Hatukuoana. Kwetu Samuye hakuingia ng'ombe wa mahari hata mmoja. Tuliishi pamoja, tukashindwana, mtoto akabaki kwangu.

Msimu wa mpunga ukichanganya, vumbi la pumba linaingia mpaka kwenye sukari. Mtoto alikuwa anakohoa mpaka anatapika. Baba yake akasema nipe nikae naye mpaka vumbi lipungue. Nikampa. Nilijua anampeleka kwa dada yake, shangazi wa mtoto, anayekaa huko huko. Sikuuliza zaidi. Mtoto akienda kwa shangazi, nani anauliza?

Kumbe shangazi alimwona mara moja tu, kanisani.

Jambo la pili nililigundua kwa simu, na hili ndilo lililonitoa akili. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linalala. Unakuwa Mama Fulani, jina la mtoto wako wa kwanza, na majirani wanaweza kukaa na wewe miaka bila kujua wazazi wako walikuitaje. Jina la mwanangu siliandiki hapa, kwa hiyo mimi ni Mama Fulani. Basi siku ile ile mtoto aliporudi, jioni, nilimpigia baba yake nimuulize juu ya dawa ya kikohozi iliyokuwa kwenye begi. Alikuwa ameshafika. Nasikia kelele za watu, sufuria, redio. Nyuma yake mwanamke akapaza sauti:

"Mama Fulani! Mama Fulani wee, ugali unaungua!"

"Abee!" nikaitika. Niko Kahama, nimekaa kitandani, naitikia ugali wa Geita.

Na kule, karibu kabisa na simu, sauti nyingine ikaitika pamoja na mimi. "Abee!"

Jina lile lile. Jina la mwanangu, nililolichagua mwenyewe nikiwa na tumbo, kabla baba yake hajajua kama ni wa kike au wa kiume. Simu ikakatika. Haukukata mtandao, alikata baba yake.

Mwanaume nilishamsamehe, au tuseme nilishamchoka. Angeoa hata wanne, nisingevuka barabara kuwatazama. Lakini huyu hakuchukua mwanaume tu. Alinichukulia mtoto kwenye nywele, akanichukulia jina kwenye midomo ya watu, na kijiji kizima cha machimbo kinamwamkia kwa jina la mwanangu. Mimi niliyepasuliwa kumzaa niko huku napepeta mchele wa watu.

Nikamwogesha mtoto. Nikafua kila kitu kilichokuwa kwenye begi. Gauni moja la njano likanishinda, mtoto alilikumbatia na kupiga kelele kama namchinja. Analala nalo, kola imebandikwa puani. Nikimsogeza kwangu ananusa kwapa langu, ananusa kanga yangu, halafu anageukia gauni lake. Mtoto niliyemnyonyesha mpaka meno yakaota.

Ndipo nikaamua kuijua hiyo pafyumu. Nilijiambia nikiijua nitajipaka mimi, na mtoto atalala kwangu. Hiyo ilikuwa sababu ya kusema kwa watu. Sababu ya kweli ni kwamba mwenye wivu haponi mpaka ajue, na akishajua ndiyo haponi kabisa.

Karibu na soko kuna duka la pafyumu za kupima. Chupa kubwa za mafuta zimepangwa ukutani, unachagua, unapimiwa kwenye kichupa, wanaongeza spiriti, wanatikisa, unaondoka unanukia kama mke wa mkurugenzi. Muuzaji ni dada mmoja wa Tabora, mtandio mwekundu, mdomo haukai.

"Karibu mdogo wangu. Unataka ya kumleta au ya kumfukuza?"

"Nataka ya mtu," nikasema. Nikatoa gauni la njano kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimeliiba mtoto akiwa amelala mchana, nimemwacha kwa jirani.

Akalinusa kola. Akanitazama. Akalinusa tena.

"Hili gauni la mtoto."

"Naliona."

"Wanaletaga shati la mume. Hata soksi nimeshaletewa. La mtoto hili ndiyo la kwanza." Akaacha utani, akavuta kiti. "Kaa hapo."

Akaanza kushusha chupa. Ananusa gauni, ananusa mfuniko, anatikisa kichwa, anairudisha. Ya udi hapana, ya vanila hapana. Katikati ananipa punje za kahawa ninuse, eti pua ipumzike. Mwisho zikabaki mbili kwenye kaunta, zote mafuta yake ya rangi ya chai ya rangi.

"Ni hii au hii," akasema. "Zote tamu, zote matunda na maua, ndugu wa baba mmoja. Hii ni pichi na waridi. Hii nanasi, pea, na asumini."

"Ipi sasa?"

"Hapo nisikudanganye. Pafyumu mbichi ni mwongo, kama mchumba. Siku ya kwanza anakuonyesha matunda. Kilichobaki kwenye gauni hili ni tabia yake yenyewe, baada ya matunda kuondoka. Lete mikono."

Akanipaka pichi na waridi mkono wa kulia, nanasi na asumini mkono wa kushoto.

"Usinawe. Usisugue. Nenda kafanye kazi zako, jua likipoa ndiyo unuse."

Nikaenda mashineni na wanawake wawili mikononi.

Kuna mama mtu mzima tunapepeta naye, Msukuma wa Mhunze, mjane, anaongea Kiswahili kama anapiga hodi. Nilivyokaa tu kwenye turubai akaacha ungo.

"Mayu, mama wee! Leo unaolewa na wangapi?"

"Niache mama."

"Lete huo." Akavuta mkono wa kulia. "Huu unanukia harusi." Akavuta wa kushoto. "Huu unanukia kipaimara. Sasa wewe unakwenda wapi?"

Wabeba magunia wakacheka. Mmoja akasema mchele wa leo utauzwa bei ya juu, una manukato. Nikawatukana kidogo, wakacheka zaidi. Lakini yule mama aliniangalia usoni akaacha kucheka, na tulivyorudi kupepeta nikamweleza yote, chini chini, gauni, simu, ugali.

Alipepeta mpaka ungo ukaisha.

"Kwetu," akasema, "ng'ombe akifiwa na ndama anakataa kukamuliwa. Maziwa anayafunga. Basi watu wanamchuna yule ndama, ngozi wanamvika ndama mwingine, wanamsogeza. Ng'ombe ananusa. Anasema eh, mwanangu huyu. Anaachia."

"Kwa hiyo nijipake. Nivae ngozi yake."

"Mimi nimesema ng'ombe anadanganyika," akajibu. "Ndama sijasema."

Sikutaka kumwelewa. Nilipepeta mpaka mabega yakawaka moto, na kila nilipoinua ungo mikono yangu ilipita puani. Kwanza ilikuwa kelele tupu, nanasi huku, pichi huku. Baadaye jasho likachanganyika, vumbi likakaa juu yake, na harufu zikaanza kuachana. Kushoto kukawa kama jojo lililotafunwa likatolewa utamu. Kulia, Mungu anisamehe, kukawa kuzuri. Kukawa kama shuka safi iliyokaa juani, na tunda limewekwa karibu, na mtu amekaa hapo anakusubiri na hana haraka.

Nikaomba iwe kushoto. Nilikaa kwenye pumba nikaomba kabisa kimoyomoyo, Bwana, mwanamke yule anukie jojo. Awe mtu wa jojo, mwenye kucha za kubandika na kicheko cha kujichekesha, nimdharau nimalize. Pichi na waridi niachie mimi. Sijawahi kuwa na pafyumu yangu maishani, hata hii nimeipata kwa sababu ya mshenzi, basi angalau iwe yangu.

Jioni nikamchukua mtoto kwa jirani. Amenuna, anatafuta gauni lake. Sikumpa. Nikakaa naye mkekani nikaweka mikono yote miwili mbele yake kama mtu anayecheza mchezo wa kuficha punje. Alinusa wa kushoto, akaukunjia uso, akausukuma. Akanusa wa kulia. Akaushika kwa mikono yake miwili, akalaza shavu hapo hapo kwenye kiganja, na usingizi ukamchukua ameketi.

Wa kulia.

Nilikaa hivyo mkono umekufa ganzi. Ninachokumbuka zaidi siyo uchungu, ni hasira ya kuona kwamba mwanamke yule na mimi tuna pua moja. Tulimpenda mwanaume mmoja, sawa, wanaume ni wachache wenye maneno. Lakini na chupa! Katika ukuta mzima wa chupa, na yeye akanyoosha mkono pale pale ambapo mimi ningenyoosha. Angekuwa na ladha mbaya ningejua mwanangu amepotea njia kwa muda. Sasa nikajua amelala mahali ambapo hata mimi ningelala.

Kesho yake nikarudi dukani. Yule dada wa Tabora hakuniuliza ni ipi, alisoma usoni. Akaanza kupima pichi na waridi.

"Lakini fikiri," akasema huku anatikisa kichupa. "Ile ya nanasi nayo ina watu wake. Ukivaa hiyo, mtoto ataizoea, itakuwa ya kwako peke yako. Ukivaa hii umevaa nguo ya mwenzio."

"Nipimie hii."

"Haya bibie. Mwenye kidonda ndiye anajua panapouma."

Wiki nzima nilijipaka. Mtoto akalala kwangu, pua shingoni, na gauni la njano likafuliwa hatimaye. Nilitembea pale mashineni kichwa juu. Mpaka vumbi likazidi tena, kikohozi kikarudi, na baba yake akapiga simu, mtu alimwambia mtoto anakohoa, anataka kuja kumchukua tena mpaka msimu uishe.

"Njoo," nikasema. "Na njoo naye."

"Na nani?"

"Na huyo anayeunguza ugali kwa jina langu."

Walikuja Jumapili mchana. Nilikuwa nimejiandaa kama naenda kupokea tuzo: gauni la kitenge, nywele mpya, na ile pafyumu nimejipaka mpaka nyuma ya magoti. Nilitegemea kuona mrembo wa machimboni. Akaja mwanamke mfupi, amenizidi umri sana, viatu vya wazi, mikono imepasuka na kukakamaa kama ya mtu anayefua mawe. Kwa umri wake nilipaswa kumpa shikamoo. Sikumpa.

Mtoto alikuwa anacheza nyuma yangu na vikopo. Alipowaona nikachuchumaa, nikanyoosha mikono, nilitaka anipitie mimi kwanza, wamwone amekaa shingoni kwangu ananusa ametulia. Akapita. Hakunusa mtu. Alipita chini ya mkono wangu kama kuku, akakimbia mpaka kwenye magoti ya yule mwanamke, akayakumbatia, akaanza kuruka ruka. Mimi nimebaki nimechuchumaa, nanukia.

Yule mwanamke hakumnyanyua. Alinitazama mimi kwanza.

"Habari za hapa, Mama Fulani."

"Nzuri, Mama nani vile?"

Akainamisha uso. Upepo ukageuka, nikaona pua yake imecheza. Akasema polepole, "Unanukia."

"Na wewe."

Baba mtoto akamtazama huyu, akanitazama huyu, akanusa hewa, akajikohoza. Akasema ataenda kununua maji. Akabaki pale pale.

"Kwa nini ulikuwa unampaka mwanangu pafyumu?"

"Sikumpaka, mdogo wangu. Nashinda mwaloni, naosha mchanga wa dhahabu. Nikitoka nanuka tope na zebaki. Naoga, najipuliza, ndiyo nambeba. Nimbebe nanuka?"

"Nani alikwambia umbebe?"

"Alikuwa analia."

"Analia nini?"

"Anakulilia wewe."

Sikutaka kuyasikia hayo kwake. Angesema mtoto hakunikumbuka hata siku moja, ningemchukia vizuri bila kusumbuliwa. Nikaona nisipowahi atanigeuza, nikaenda moja kwa moja kwenye jambo langu.

"Huko wanakuita Mama Fulani."

"Wanaita. Mimi sikuwatuma."

"Na unaitika."

Hapo akainua macho. "Naitika. Nimeitwa dada mpaka na watoto wa juzi. Dada, dada, dada. Siku hiyo nimembeba, jirani akaniita hivyo, nikaitika kabla sijafikiri. Na wewe ungeitika."

Huruma ilikuja. Nasema kweli, ilikuja mpaka mlangoni, na mimi nikaufunga.

"Zaa wako uitwe," nikasema.

"We!" Baba mtoto akafoka, kwa mara ya kwanza tangu wafike. Yule mwanamke alichuchumaa akatoa vidole vya mtoto kwenye gauni lake, kimoja kimoja, taratibu, kama anafungua kifungo, huku anamwambia nenda kwa mama, nenda. Mtoto hakwenda.

"Basi waambie wakuite mama mdogo," nikasema. "Jina hilo nakupa. La kwangu liache."

"Nimesikia."

"Sasa mtoto ajiandae, gari linaondoka," akasema baba yake, kama vile yote yameshaisha.

"Mtoto haendi."

"Na kifua chake? Si unasikia anavyokohoa?"

"Kifua chake nitakihamisha mimi. Hamuendi naye."

Yule mwanamke alifungua mdomo. Najua alichotaka kusema, kwamba vumbi litamuua, kwamba nimwache aende angalau mpaka msimu uishe, na angekuwa amesema kweli tupu. Nilimtazama mpaka akaufunga. Akavua kanga aliyojitanda begani akaninyooshea. "Akisumbua kulala," akasema. Nikamrudishia mkononi mwake. Nilihisi kanga ilikuwa na joto lake bado.

Mtoto nilimbandua kwa nguvu. Alinipiga kifuani, akanivuta nywele mpya zikakatika, alilia jina ambalo sikulijua, jina la utani walilopeana huko wao wawili. Nilimshika mpaka wakapotea kwenye kona ya barabara. Majirani walitoka milangoni kutazama. Walitazama, wakarudi ndani.

Jumatatu nilimwambia tajiri wa mashine simpepetei tena, anipe mchele nikauze kando ya barabara kuu, mbali na vumbi. Kipato ni nusu, na siku nyingine hata nusu haifiki. Yule mama wa Mhunze alinisaidia kubeba meza. Kikohozi kimepungua. Mtoto anashinda na mimi pale chini ya mwavuli, anacheza na chenga za mchele, anajifunza kuwaamkia wateja.

Magari ya Geita yanapita mbele yetu. Kila likisimama anaacha kucheza, anasimama wima, anaangalia nani anashuka. Sijamkataza, ningemkatazaje? Namwacha aangalie mpaka wa mwisho ashuke na mlango ufungwe. Halafu namwita, na anakuja. Anachelewa kidogo, lakini anakuja.